Dada Yangu Hakuwa Mwalimu Mkuu

Jumatatu mjukuu wangu alirudi kutoka shule na kitabu kipya cha historia cha darasa la tano, akakifungua ukurasa wa themanini na nane na kuniwekea mapajani.

"Babu, huyu si bibi yetu?"

Alikuwa yeye. Picha ndogo, miwani imeshuka puani kama kawaida yake, na chini ya picha aya moja ya mistari sita. Mstari wa tatu unasema: "Alikuwa mwalimu mkuu wa shule yake kwa miaka tisa."

Moyo ulinijaa, sitaki kudanganya. Dada yangu, mtoto wa fundi viatu, yumo ndani ya kitabu cha serikali kinachosomwa na watoto wa nchi nzima. Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo nikaanza kukuna kichwa, kwa sababu dada yangu hakuwa mwalimu mkuu hata kwa siku moja. Alifundisha darasa la tano miaka thelathini na minne, na alistaafu akiwa mwalimu wa darasa la tano.

Sasa balaa ni hili. Ukurasa wa mwisho wa kitabu hichohicho umeandikwa juu kabisa: "Umeona kosa? Tuandikie, na utuonyeshe ushahidi." Ukurasa huo ni wake. Yeye ndiye aliyeuanzisha, na ukamponza. Leo ni siku ya nne nina karatasi na kalamu mezani na sijaandika hata salamu. Nikinyamaza, dada yangu atabaki mwalimu mkuu, cheo alichokistahili kuliko wengi niliowaona wakikikalia. Nikiandika, nitakuwa nimemvua cheo hicho mimi mwenyewe, mdogo wake wa kuzaliwa.

Ngoja kwanza niseme alikuwa mtu wa namna gani. Labda mkono utalainika.

Watoto walimwita Mwalimu Ushahidi, lakini ugonjwa huo aliuanza nyumbani. Siku moja sukari ilipungua kwenye kopo na mama akaninyooshea kidole moja kwa moja, maana historia yangu na lile kopo haikuwa nzuri. Dada alikuwa na miaka kumi na mmoja. Akasimama kati yetu na kusema, "Mama, ushahidi uko wapi?" Nikajiona nimepata wakili. Akanifungua mdomo, akanusa, akasema hajaona kitu. Kisha akanikunjua viganja, akakuta chembe za sukari katikati ya vidole, akanikabidhi kwa mama. Hakuwa upande wangu wala wa mama. Nililia siku ile kwa sababu ya usaliti zaidi ya fimbo.

Alipoanza kufundisha alikuta kitabu cha historia kilichojaa tarehe na wakubwa waliopigwa picha wamesimama. Watoto walikikariri Jumatano, na Alhamisi hakikuwa kichwani mwa mtu. Yeye akaanzisha kazi ya Ijumaa. Kila mtoto aende kwa mtu aliyemzidi mama yake umri, amuulize jambo moja la zamani, arudi na kitu cha kuthibitisha: picha, risiti, barua, ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Hata kovu lilikubalika, mradi mwenyewe awe tayari kulionyesha. Kuna mtoto aliyekosa kitu cha kubeba akamleta babu yake mzima mzima, na mzee wa watu akakaa dawati la nyuma hadi kengele ya mwisho, akajibu na hesabu.

Kutokana na kazi hizo za Ijumaa alianza kuandika. Aliandikia kwenye meza ya jikoni, ndani ya madaftari ya shule, ukurasa wa kulia maneno yake na wa kushoto maswali ya kujibana mwenyewe: nani kasema, alikuwapo, ana sababu gani ya kutia chumvi. Sura ikikamilika aliisoma darasani kwanza, na mtoto mmoja alipewa kazi ya kuhesabu miayo. Ninayo madaftari yale. Pembeni ameandika kwa wino mwekundu "miayo miwili, sawa" au "miayo sita, kata hapa." Sura ya mabomba ya maji ilipata miayo kumi na moja. Aliitupa yote, wiki tatu za kazi, na hakumnunia mtoto hata mmoja.

Mimi wakati huo nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchapa. Nilikuwa nikimletea karatasi zilizobaki baada ya kukata vitabu vya watu, vipande vyembamba, virefu, kila kimoja na upana wake. Vijitabu vyake vya kwanza alivitoa kwa mashine ya kurudufu ya shule, ile ya kuzungusha kwa mkono, na wino ukamfika viwikoni. Vilikuwa na maumbo ya ajabu, vingine vyembamba kama rula, na watoto walivigombania. Mhariri mmoja wa vitabu alikiona kimoja mikononi mwa mtoto wake, akakisoma amesimama mlangoni na mkoba begani, na kesho yake akaja shuleni kumtafuta mwandishi.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kitabu cha historia ya mji wetu kwa watoto: soko, stesheni, hospitali, daraja. Kiwanda chetu ndicho kilichopewa kazi ya kukichapa, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye mtambo. Kamati ya vitabu ilikisoma na kukipitisha kiwe kitabu cha shule zote. Ofisa elimu alimpa dada mkono mbele ya walimu wenzake na kumwambia ajiandae, mwalimu mkuu anaondoka mwisho wa mwaka na jina lililopo mezani ni lake. Dada hakuwa mtu wa makuu, lakini siku ile alikwenda kwa fundi cherehani akapima gauni la bluu iliyokolea, lenye kola. Aliniambia ni la kazini tu. Nilimuuliza kazi gani hiyo inayotaka kola, akacheka akanifukuza jikoni.

Karatasi za kitabu zilikuwa tayari zimechapwa, nakala elfu nane, bado kukunjwa na kushonwa. Nilimshonea moja kwa mkono aende akawaonyeshe watoto wake. Akawasomea sura ya daraja, aliyoipenda kuliko zote. Pale darajani pana jiwe lililochongwa jina la ofisa mmoja wa zamani na mwaka, na yeye aliandika kama jiwe lilivyosema: daraja lilijengwa na bwana huyo, mwaka huo.

Msichana wa mstari wa mbele, mpole, asiyeongea mpaka aulizwe, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, bibi yangu anasema si kweli."

Darasa zima likageuka na kusema kwa pamoja, "Ushahidi uko wapi?" Walikuwa wamefundishwa vizuri mno.

Kesho yake msichana alikuja na kopo la bati. Ndani mlikuwa na kadi ya kazi ya bibi yake, imekuwa laini kama kitambaa, na muhuri unaosomeka bado. Kazi: kubeba mawe, daraja. Mwaka: miaka mitatu kabla ya ule wa kwenye jiwe. Dada alikwenda kwa yule bibi jioni hiyohiyo. Bibi alimweleza kwamba daraja walilijenga wao, mafundi, vibarua na wanawake wa kubeba mawe kutoka machimboni. Mvua kubwa ilikuja baadaye ikang'oa vyuma vya pembeni, ofisa akaletwa kuvirudisha, na alipomaliza vyuma akaweka jiwe lenye jina lake. Jumamosi yote dada alishinda ndani ya chumba cha nyaraka za halmashauri, akatoka na orodha ya kadi za wanawake arobaini, na barua ya zamani ya mhandisi inayolalamikia vyuma vya "daraja letu lenye umri wa miaka mitatu." Bibi alikuwa amesema kweli tupu.

Mtu aliyewauliza watoto kila wiki nani kasema na alikuwapo, mwenyewe aliliamini jiwe. Hakumuuliza mtu hata mmoja.

Alinijia kiwandani Jumatatu, akasimama kati ya mirundo ya kitabu chake mwenyewe.

"Nimekosea," akasema. "Ukurasa wa arobaini na moja."

Nilipomsikiliza mpaka mwisho nilisema walilosema wote, mhariri, walimu wenzake, hata mama: "Dada, nani atajua? Utarekebisha toleo la pili."

"Mtoto wa mstari wa mbele anajua."

"Mmoja."

"Na mimi wa pili. Na wewe sasa hivi umekuwa wa tatu."

Hapa ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilitaka kumfariji tu. Nikamwambia kubadilisha ukurasa wa arobaini na moja ni kuchapa upya karatasi nzima, haiwezekani, ila kama ni maneno machache ya kuongeza, nafasi ipo. Karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa kumi na sita. Kitabu chake kilikuwa na kurasa tisini na tatu na karatasi zinatoa tisini na sita. Kurasa tatu za mwisho ni tupu, zipo tu, hazina kazi.

Akanishika bega. "We mtoto," akasema, "kumbe una akili."

Nilikuwa na miaka thelathini na nane na watoto watatu.

Kitabu kilichopitishwa hakiongezwi neno bila ruhusa, kwa hiyo alikwenda mbele ya kamati. Alivaa lile gauni la bluu. Nilimsindikiza nikakaa kwenye benchi la nje, na kwa sababu ya joto mlango uliachwa wazi, nikasikia yote. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na sikumchukia mpaka baadaye.

"Mwalimu," akasema, "mtoto akisoma kwamba kitabu chake kimekosea, kesho atakiamini vipi?"

"Ataamini kwamba kikikosea kitamwambia, mzee."

"Lirekebishe kimyakimya toleo lijalo. Hakuna atakayekulaumu."

"Yule bibi ana miaka themanini na mmoja. Hawezi kusubiri toleo lijalo."

Nikasikia kiti kikisogezwa. Kisha mwenyekiti akampa njia mbili. Kitabu kiende kilivyo, kiwe cha shule zote. Au kiende na ukurasa wake wa makosa, lakini kiitwe kitabu cha ziada, shule inayotaka inunue, isiyotaka iache. Aliombwa achague palepale. Aliomba kalamu.

Mwisho wa mwaka ualimu mkuu alipewa mtu mwingine, bwana ambaye hakuwahi kukosea kwenye kitabu kwa sababu hakuwahi kuandika hata kimoja. Hakuna aliyemwambia dada sababu. Gauni la bluu likawa la kuvaa siku za kawaida, mpaka kola ikachakaa akaigeuza.

Mimi nilimnunia. Naona aibu kulisema lakini ni kweli. Nilijua jinsi alivyokitaka cheo kile, na nilijua ni mimi niliyemwambia habari za kurasa tupu. Ningefunga domo langu siku ile angekuwa na ofisi yenye feni na funguo zake mwenyewe. Akaja kwangu siku moja ya mapumziko, akakaa.

"Umenuna," akasema.

"Sijanuna."

"Ushahidi ninao. Huo mdomo unaweza kutundikiwa koti."

Nikacheka bila kupenda. Akanipa nakala ya kwanza iliyoshonwa na kuwekwa jalada, akaniambia twende tukampelekee mwenyewe.

Yule bibi aliishi chumba cha nyuma kwa mwanawe, kitanda, kiti kimoja, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mjukuu wake akasimama katikati ya chumba akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti. Naukumbuka wote, niliuchapa mwenyewe: "Kosa langu. Ukurasa wa arobaini na moja nimeandika kwamba daraja letu lilijengwa na ofisa ambaye jina lake liko kwenye jiwe. Si kweli. Lilikuwa limesimama miaka mitatu kabla yake, na mawe yake yalibebwa na wanawake arobaini. Nililiamini jiwe, sikuuliza watu. Aliyenisahihisha ni mwanafunzi wa darasa la tano."

Bibi akasema rudia. Mtoto akarudia. Bibi akafumba macho, akaanza kuhesabu kwenye vidole, polepole, midomo ikitamka majina ambayo hatukuyasikia. Alimaliza mikono akarudi mwanzo, akamaliza tena, mara ya tatu, ya nne.

"Tulikuwa arobaini na mmoja," akasema. "Mmoja hakuwa na kadi. Alikuwa na mimba, aliogopa kuachishwa, akatumia kadi moja na dada yake aliyekuwa nasi. Lakini mawe alibeba."

Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Elfu nane, zimeshakunjwa zote. Dada alifanya nini? Alitoa daftari kwenye mkoba, akavuta kiti, akasema, "Bibi, niambie habari zake." Uso wake ulikuwa umeng'aa. Sijamwona na furaha ile siku nyingine yoyote, wala siku ya harusi yake. Tuliporudi njiani nilikuwa nimeacha kununa, na sikununa tena.

Uchapaji wa pili ukurasa ule ulikuwa na makosa mawili: la daraja, na la ukurasa wenyewe. Shule zilizonunua zikaanza kuandika. Mtoto wa mbali huko aliandika kwamba stesheni ilikuwa na milango minne, si mitatu, babu yake alipaka rangi yote. Mwingine aliandika kwamba picha ya hospitali imegeuzwa, mti uko upande usio wake, na hilo lilikuwa kosa langu mimi, niliweka bamba la kuchapia kinyume. Dada alilichapa vilevile: "Kosa la fundi mitambo." Mke wangu alilibandika ukutani. Kila barua aliijibu kwa mkono, ya kweli na ya uongo, na ya uongo aliirudisha na swali moja tu, mnalijua. Kufikia uchapaji wa sita kurasa tatu zilijaa, ikabidi tuongeze karatasi.

Kitabu kile hakikuwahi kuwa cha shule zote. Lakini nimekutana na wauguzi, madereva na hakimu mmoja mwenye mvi waliokisoma, na wote wanakumbuka kitu kimoja: ule ukurasa wa mwisho. Wengine wananitajia barua yao ilichapwa toleo la ngapi. Hakimu alitoa kwenye pochi jibu aliloandikiwa na dada.

Dada alifariki miaka minne iliyopita, kalamu nyekundu iko kwenye mfuko wa koti. Na sasa serikali imetoa kitabu kipya chenye ukurasa wa makosa mwishoni, na picha yake ndani. Hawakutuuliza. Aliyeandika ile mistari sita bila shaka alidhani mtu wa namna hii lazima alikuwa mkuu wa mahali fulani. Simlaumu. Hata mimi ningedhani hivyo.

Leo mjukuu wangu amerudi tena, ameona karatasi bado nyeupe.

"Babu, bado hujaandika?"

"Nafikiri."

"Kwani si kosa?"

"Ni kosa. Ila ni zuri."

Akanitazama kama mtu aliyenikuta na sukari kwenye vidole. Nikavuta droo nikatoa barua ya kustaafu ya dada yangu, nikaandika hivi:

"Kwa wahusika. Ukurasa wa themanini na nane, mstari wa tatu, si kweli. Dada yangu hakuwa mwalimu mkuu. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano kwa miaka thelathini na minne, na hakuna cheo kikubwa kuliko hicho nilichokiona kwa macho yangu. Ushahidi ni barua hii ya kustaafu. Aliyeliona kosa ni mdogo wake, fundi mitambo mstaafu, ambaye anajivunia dada yake kuliko anavyoweza kuandika."

Nikampa mjukuu asome kabla ya kuifunga. Alisoma barua yangu, akasoma ya kustaafu, akachukua kalamu yangu na kufanya hesabu pembeni, akiitoa tarehe ya kuajiriwa kwenye tarehe ya kuondoka. Akafanya tena kutoka mwanzo.

"Babu," akasema, "ni thelathini na mitano."

Nilihesabu mwenyewe. Ni mitano. Maisha yangu yote nimekuwa nikisema minne, na hata huku juu nilikoanzia nimeandika minne. Barua nimeirekebisha. Huku juu nimepaacha palivyo, ili niweze kumalizia anavyotaka mwenye ukurasa:

Kosa langu. Nimeandika kwamba dada yangu alifundisha miaka thelathini na minne. Si kweli, ni thelathini na mitano. Sikuhesabu, nililiamini lililozoeleka. Aliyenisahihisha ni mwanafunzi wa darasa la tano.